Tonge la Upande wa Pili

Sikudhani alikuwa msusi Morogoro mpaka vidole vilipomkatalia. Havikukataa siku moja. Kwanza vilikuwa vizito asubuhi, akivikanda kwa maji ya moto vinalegea. Baadaye vilivimba mpaka pete ya ndoa ikakatwa kwa msumeno. Mwisho wateja wakaanza kumwonea huruma, na mteja akishakuonea huruma harudi tena.

Alikuwa mnene, kama walivyokuwa wanene karibu watu wote wa mtaa wake, kwa sababu wote walikula kitu kimoja. Tangu miaka ya ukame nchi ililishwa kwa mgao: tonge la kiwandani lililotengenezwa kwa unga uliokobolewa ukabaki weupe mtupu, likatiwa sukari na mafuta, likafungwa kwenye karatasi. Lilishibisha haraka, na njaa ilirudi haraka vilevile. Watoto walilila shuleni, wagonjwa walilila wodini, na hakuna aliyekumbuka vizuri watu walikuwa wakila nini hapo nyuma.

Kila mtu mzima alikuwa na uzi mwembamba uliopandikizwa chini ya ngozi ya kifundo cha mkono. Uzi huo ulisoma damu. Mwili ukiwa shwari ulikuwa na rangi ya maziwa. Mwili ukiwa unaungua kwa ndani uzi uliiva, ukawa mwekundu. Kuungua huko madaktari walikuita mcharuko, watu wa kawaida walikuita moto. Waajiri walitazama mkono wa mtu kabla ya kumtazama usoni, kwa hiyo Morogoro, hata jua likiwa kali kiasi gani, ilijaa mashati ya mikono mirefu.

Aliposikia kwamba kule juu Kitulo wanatafutwa wanawake wenye nyuzi nyekundu wakae mwaka mzima wakila chakula cha majaribio, Sikudhani hakufikiri sana. Mumewe alishafariki. Mwanawe alikuwa baharia, alipiga simu sikukuu tu. Alifunga chumba, akamwachia jirani funguo, akapanda basi.

Kitulo ni uwanda wa nyasi na ukungu, na baridi yake inaingia mpaka kwenye meno. Nyumba zilijengwa mbili mbili, zimepeana migongo, kwenye safu ndefu zilizonyooka. Kila nyumba ilikuwa chumba kimoja chenye jiko la kuotea moto, si la kupikia, na dirisha lililotazama nyasi. Masharti yalikuwa machache. Ule peke yako. Umalize chote. Usiguse chakula kingine chochote. Na uzi ulifungwa kitambaa kigumu ambacho muuguzi alikibadilisha huku mwenye mkono ameambiwa atazame pembeni.

Dokta Lwitiko Mwakalobo, mtu wa makamo, mzaliwa wa nyanda hizohizo za juu, aliwakusanya siku ya kwanza akawaeleza. Aliwaambia kwamba mafuta ya tumboni si mzigo uliokaa tu, ni sehemu ya mwili inayozungumza na mwili mzima. Yakizidi hubanana, yakakosa hewa, yakaita askari wa mwili kana kwamba kuna kidonda. Askari wakija hawakuti kidonda, lakini hawaondoki. Wanabaki wamewasha moto mdogo usiozimika, na moshi wake unafika kwenye viungo, kwenye mishipa, kwenye moyo.

Baraza la Mgao lilishikilia kwamba moto huo hushushwa kwa sindano tu, au watu wakonde kwanza. Dokta na wenzake waliamini unaweza kushushwa na kinachoingia mdomoni, hata kabla mwili haujapungua sana: kunde, mboga za majani, ulezi usiokobolewa, dagaa, karanga, mbegu za maboga. Lakini kuamini si kuthibitisha. Kwa hiyo yangekuwepo matonge mawili, ya rangi moja, ya uzito mmoja, yenye mchuzi wa harufu moja. Moja lingekuwa na vyote hivyo vimesagwa ndani yake. La pili lingekuwa mgao uleule wa kila siku. Nani anakula lipi, ilijua mashine ya jikoni peke yake. Tofauti ikionekana wazi, Baraza lilikuwa limekubali kubadilisha chakula cha shule zote za nchi.

Mwanamke mmoja aliuliza wale watakaopewa la kila siku watakuwaje. Dokta alijibu kwamba hawatadhurika zaidi ya vile ambavyo wangedhurika makwao. Yule mwanamke alicheka, na kicheko chake hakikuwa cha furaha.

*

Wiki za kwanza Sikudhani alidhani atashindwa. Si kwa sababu ya tonge. Tonge lilikuwa tonge. Ulikuwa ule ukimya wa wakati wa kula. Mkokoteni unaojiendesha ulipita ukasimama mlangoni, ukatoa sahani kwenye tundu lake, ukaenda. Alikaa kitandani, sahani mapajani, akatafuna huku anatazama ukungu. Maisha yake yote alikuwa amefanya kazi ameshika vichwa vya watu, wakimsimulia mambo ya nyumbani kwao. Sasa siku nzima ilipita bila kumgusa mtu wala kuguswa.

Ndipo akasikia mtu anakohoa nyuma ya jiko. Ukuta wa kati ulikuwa wa mbao, na pale bomba la maji lilipopita kutoka nyumba moja kwenda nyingine fundi alikuwa ameacha tundu kubwa kuliko bomba lenyewe. Sauti ilipita hapo kama mtu yupo chumbani.

Jirani yake aliitwa Nyamizi, mtu wa Tabora. Alikuwa refa wa netiboli, amezunguka nchi nzima na filimbi shingoni mpaka magoti yalipoanza kumsumbua. Alikuwa na maneno mengi na alipenda kubishana. Kuzungumza hakukukatazwa, ili mradi wasizungumzie chakula wala miili yao, basi wakazungumza mengine yote. Nyamizi alimwita "msusi", naye Sikudhani akamwita "refa". Walianza kuvuta viti karibu na bomba wakati wa kula. Kila mmoja alikula peke yake, kama sharti lilivyotaka, lakini Sikudhani aliacha kutazama ukungu.

Baada ya mvua za kwanza aliamka siku moja, akafunga mtandio, akawa ameshamaliza ndipo akashtuka kwamba hakuwa amevikanda vidole. Alivikunja, akavikunjua. Havikuuma. Alikaa kitandani akavitazama muda mrefu. Siku zilizofuata alijaribu mambo: alisokota nyuzi za blanketi, akazisuka tatu tatu, akafumua, akasuka tena. Mwili wake haukuwa umepungua sana, gauni lilimkaa vilevile. Kilichokuwa kimeondoka ni ule uzito aliokuwa akiamka nao.

Alijua sharti, na bado alilowanisha kitambaa kwenye beseni mpaka gundi ikalegea, akakiinua upande mmoja. Uzi ulikuwa umepauka. Haukuwa mweupe kabisa, lakini wekundu ulikuwa umebaki kidogo tu, kama doa la chai kwenye shuka lililofuliwa.

Hakuwa na mtu wa kumwambia. Mtu wa pekee ambaye angeweza kumwambia alikuwa nyuma ya bomba, na katika majuma hayohayo Nyamizi alikuwa ameacha kutembea hadi kwenye uzio uliokuwa mwisho wa safu. Kisha akaacha kusimama mlangoni. Sikudhani alimsikia akijikokota kutoka kitandani hadi kwenye kiti, akipumzika katikati.

*

Siku moja mchana, mvua ikipiga bati, Nyamizi alisema kwa sauti ya chini kwamba amekifungua kitambaa chake.

Sikudhani aliacha kutafuna.

"Mwekundu, msusi. Kuliko siku niliyokuja. Wako je?"

Sikudhani alitazama vidole vyake vilivyoshika kijiko bila taabu. "Sijaangalia," akasema.

Nyamizi alisema ndiyo vizuri, asiangalie. Kisha akabadilisha mazungumzo, akaanza kusimulia fainali moja ya Mwanza ambapo timu mbili zilimfukuza uwanjani kwa pamoja. Sikudhani alicheka pale alipopaswa kucheka. Lakini siku hiyo tonge halikumshuka vizuri, na siku iliyofuata pia.

Alikwenda kwa Dokta Lwitiko. Hakumwambia kwamba amefungua kitambaa. Alimwambia tu kwamba jirani yake anaumwa magoti, hatembei. Dokta alisema anajua, wanampa dawa ya maumivu. Sikudhani akauliza kama hawezi kubadilishiwa tonge. Dokta alivua miwani, akajibu kwamba yeye mwenyewe hajui Nyamizi anakula lipi na hatakiwi kujua. Nyamizi alikuwa huru kuondoka siku yoyote, lango halikuwa na kufuli. Lakini akiondoka angerudi kwenye mgao. Kunde na dagaa hazikuuzwa tena sokoni kwa bei ya mtu wa kawaida. Kilichokuwepo kilitengwa kwa ajili ya jaribio hilo. Likimalizika, kila aliyekaa hadi mwisho angelishwa tonge zuri, awe alikula lipi.

"Miezi iliyobaki si mingi, Mama," alisema. "Naomba avumilie."

Sikudhani alirudi kwake. Mkokoteni ulipoleta sahani ya jioni alilikata tonge katikati, akaviringisha nusu kwenye karatasi, akapiga magoti nyuma ya jiko akaipitisha kando ya bomba.

"Nilikudanganya," alisema. "Wangu umepauka. Kula hili, nipe nusu ya lako."

Akasikia karatasi ikifunguliwa upande wa pili. Nusu ya tonge la Nyamizi ikaja kupitia tundu lilelile, imeviringishwa vivyo hivyo. Walikula, kila mmoja na nusu ya mwenzake, na kwa mara ya kwanza tangu afike Kitulo Sikudhani alihisi amekula na mtu.

*

Waliendelea hivyo mpaka ukungu ulipoanza kuwa mwepesi na nyasi zikatoa maua. Nyamizi alisimama tena mlangoni. Baadaye akaonekana kwenye uzio, ameshika mti wa uzio kwa mkono mmoja, na mwingine akampungia. Vidole vya Sikudhani vilianza kuwa vizito asubuhi, si sana, naye hakujali. Aliona ni haki, maana walikuwa wanagawana.

Dokta Lwitiko alikuja mwenyewe. Alibisha hodi, akakaribishwa, akakaa kwenye kiti kilichokuwa karibu na bomba bila kujua kwa nini kiti kilikuwa hapo. Alisema mashine haimwambii nani anakula nini, lakini inapiga kelele jambo likienda vibaya. Ilikuwa inasema nyumba mbili za safu ile haziendi kama zinavyopaswa. Moja ilikuwa imeshuka halafu inapanda. Nyingine ilikuwa inapanda halafu imeshuka.

"Nakuuliza mara moja," alisema. "Mmebadilishana chakula?"

Sikudhani alitazama bomba.

"Ukisema hapana, nitapokea hapana. Miili hutofautiana, na hakuna atakayeuliza zaidi. Ukisema ndiyo, sheria ya Baraza inafuta safu nzima, si nyumba mbili tu, maana hawataamini ukuta wowote humu. Na safu nzima ikifutwa, waliobaki hawatoshi kuthibitisha kitu. Itabidi tuanze upya."

Alisema maneno hayo bila hasira, na hilo ndilo lililomsumbua Sikudhani zaidi. Ilikuwa wazi kwamba naye angependa kusikia hapana. Nyuma ya ukuta hakukuwa na sauti hata ya pumzi.

Alifikiria safu nzima, wanawake waliokula wakitazama ukungu karibu mwaka mzima. Alifikiria magoti ya Nyamizi. Halafu akawaza kitu kingine, taratibu, kwa sababu hakuzoea kuwaza kwa namna hiyo. Kwenye hesabu za mashine, Nyamizi alikuwa mla mgao ambaye anapona. Na yeye alikuwa mla kunde na dagaa ambaye moto unamrudia. Watu wa Baraza wangewatazama wawili hao wakasema: mnaona, hata mgao hauna neno. Watoto wa shule wangeendelea kupewa karatasi yao na tonge lake jeupe, na sababu moja ingekuwa yeye.

"Ndiyo," alisema. "Tumebadilishana."

Dokta alisema asante, akainuka, na mlangoni akashindwa kuuona mpini mpaka Sikudhani alipomfungulia.

Safu ilifutwa. Mabasi yalikuja kuwachukua, na wanawake walitoka na mabegi yao bila kumsalimia. Mmoja wa kutoka Singida alimwambia, wewe umekula mwaka wangu kama ulivyokula tonge la mtu. Sikudhani alimtafuta Nyamizi. Alimkuta amesimama peke yake karibu na basi la Tabora, mfupi kuliko alivyomwazia, uso mpana, filimbi kweli ikining'inia shingoni. Hawakuwa wamewahi kuonana kwa karibu.

"Ungesema hapana, msusi," Nyamizi alisema. "Hukuapishwa."

"Watoto wangekula nini, refa?"

"Mimi nitakula nini?" Nyamizi alimtazama hadi Sikudhani akainamisha macho. "Nilikuwa nimeanza kutembea."

Alipanda ngazi za basi taratibu, akishika chuma kwa mikono yote miwili, na hakugeuka.

*

Nyumbani Morogoro alikula mgao kama kila mtu. Alipiga simu Tabora mara kadhaa. Mara ya kwanza iliita hadi ikakatika. Baadaye ilipokelewa na binti aliyesema mama amepumzika, atampigia. Hakupiga. Sikudhani aliendelea kujaribu kwa muda, kisha akaona anamsumbua mtu, akaacha.

Uzi wake ulirudi kuiva. Ulipoiva kabisa alimpigia Dokta Lwitiko akauliza kama bado wanatafuta watu wa kuanza upya. Dokta alisita. Alisema wenzake hawatataka mtu aliyevunja masharti. Siku chache baadaye akapiga mwenyewe, akasema amewauliza wenzake ni nani kati ya wote waliopita Kitulo aliyeulizwa jambo lenye hasara kwake akajibu kweli. Walikuwa wamemkubali.

Safari hii nyumba zilijengwa mbalimbali, kila moja na uzio wake, na katikati yake nyasi tupu. Hakukuwa na ukuta wa kushirikiana wala bomba la kupitisha sauti. Kitambaa kilikuwa cha aina nyingine, hakilegei kwa maji. Mkokoteni ulikuja, ukatoa sahani, ukaenda. Alirudi kutazama ukungu.

Alingoja mvua za kwanza. Zilikuja, zikapita. Kila asubuhi alikunja vidole kabla ya kufumbua macho, na kila asubuhi vilikuwa vizito kidogo kuliko jana yake. Alijiambia ni baridi. Alijiambia mwili wa mwaka huu si wa mwaka jana. Ilifika siku kijiko kikamponyoka kikaanguka sakafuni, akakiangalia pale chini, na hakujiambia kitu tena. Alijua yuko upande gani.

Kila mwisho wa juma Dokta Lwitiko alipiga simu kwa kila nyumba na kuuliza maswali yaleyale. Unajisikiaje? Kuna maumivu? Unataka kuendelea? Lango bado halikuwa na kufuli. Sikudhani alijibu maswali mawili ya kwanza kwa ukweli. La tatu lilimchukua muda, na Dokta alikuwa na adabu ya kutolijaza lile pengo kwa maneno.

"Naendelea," alisema kila mara.

Alikula tonge lote. Siku nyingine lilimkaa kooni, akaliteremsha kwa maji. Alikuwa ameelewa kwamba bila watu wa upande wake, wale wa upande wa pili hawakuwa ushahidi wa lolote. Wangekuwa wanawake wachache waliopata nafuu mlimani, basi. Lakini kuelewa hakukumpunguzia kitu saa ya kula. Kuna siku alizungumza na kiti. Kuna siku alimsimulia Nyamizi kwa sauti yale ambayo angemwambia, akanyamaza mahali ambapo mwenzake angebisha.

Mwisho wa mwaka waliitwa wote kwenye ukumbi wa kati. Watu wa Baraza walikaa mbele na makoti yao mazito. Wauguzi walipita na mikasi, wakakata vitambaa kimoja kimoja, na mashine ikasoma majina ikiwapanga pande mbili za ukumbi, kila tonge na upande wake. Haikuhitaji mtaalamu. Upande mmoja wa ukumbi nyuzi zilikuwa zimepauka, nyingi kabisa, baadhi nusunusu. Upande mwingine zilikuwa nyekundu. Mjumbe mmoja wa Baraza alitembea kutoka upande huu hadi ule, akarudi, akatazama tena, kisha akaketi akanong'onezana na wenzake. Kabla ya chakula cha mchana ilitangazwa kwamba shule zitaanza kubadilishiwa muhula ujao, kwa kuanzia na zile za kanda ya kati. Dokta Lwitiko alikaa chini ghafla, akafunika uso.

Wanawake walikumbatiana. Sikudhani alisimama pembeni na uzi wake mwekundu, mikono ameiweka kwapani kwa baridi. Hakulia wala hakufurahi kwa namna ambayo angeweza kuieleza. Alijisikia amechoka, na alitamani kukaa karibu na mtu.

Mwanamke mmoja wa upande wa pili, kijana bado, uzi wake mweupe kama maziwa, alimsogelea akautazama wa Sikudhani.

"Ulikuwa unajua?" aliuliza.

"Nilijua."

"Tangu lini?"

"Tangu mvua."

"Na ukabaki."

Upepo uliingia kupitia mlango uliofunguliwa na mtu.

"Nifungie sweta, mwanangu," alisema Sikudhani. "Vidole havikubali."

Yule kijana akaweka begi lake chini. Alianza na kifungo cha juu, karibu na koo, akaenda taratibu hadi cha mwisho, na alipomaliza alilinyoosha sweta mabegani kwa viganja vyote viwili, akaviacha hapo.